Masika ya Kadi ya Picha

Jumatatu, 10 Machi

Stima imepotea mara tatu kabla ya chai ya saa nne. Mara ya tatu iliporudi, ilirudi na nguvu kupita kiasi. Balbu ya sebuleni ikapasuka, na kompyuta ya Wayua ikatoa harufu ya plastiki kuungua. Ukiiwasha sasa feni inazunguka na taa ndogo inawaka, lakini skrini ni nyeusi. Nje masika yameanza kwa kishindo na mtaa wetu wote wa Lucky Summer ni tope.

Nilikuwa mtunza stoo wa kiwanda kule Industrial Area kwa miaka ishirini na sita, na mtunza stoo asiyeandika tarehe huibiwa mchana kweupe. Nimestaafu, ila naona mambo ya nyumba hii nayo yanataka kitabu. Mke wangu Wayua hudarizi beji za shule. Mashine ya kudarizi iko chumba cha mbele, nayo hupokea michoro kutoka kwenye kompyuta. Programu ya michoro ni ya zamani, tuliinunua pamoja na mashine, na haikubali Windows yoyote isipokuwa ile 7. Ndiyo maana kompyuta hii ikifa hatuwezi kwenda tu dukani kuchukua nyingine.

Sasa sikia ubaya wake. Shule imebadilisha beji mwaka huu, kwa hiyo mchoro wa zamani hautufai. Triza, karani wa shule, anataka beji mpya mia nne na ishirini kabla muhula wa pili haujafunguliwa tarehe 28 Aprili. Zisipofika kazi itapewa mtu wa mjini, na hatatunyang'anya muhula mmoja tu. Wayua ameifanyia shule hiyo kazi miaka kumi na minne. Leo hakula chakula cha mchana.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Wayua ameleta fundi. Nilitarajia mwanamume, akaja mwanamke wa miaka thelathini na kitu, jina lake Kui, ana kibanda cha mabati pale Baba Dogo. Amefungua kompyuta, akanusa, akachomoa kipande kimoja na kusema, "Kadi ya picha ndiyo imeungua, Mzee. Zingine ziko sawa." Dakika tatu! Mimi nikikagua shehena ya misumari nilikuwa nachukua saa nzima.

Atatafuta kadi ya mtumba mjini.

Ijumaa, 14 Machi

Kui amerudi na kadi. Ameiweka mezani kisha akaenda dukani kununua vocha. Nimebaki na kadi peke yangu kama dakika kumi.

Watu wa mtaa huu wote wanajua mchezo wa mafundi. Unapeleka kitu kizima, unarudishiwa maiti yenye sura ileile. Kule kiwandani nilitia alama kila kifaa, na alama nzuri ni ile ambayo mwizi haioni. Nimechukua rangi ya kucha ya Wayua, ile isiyo na rangi ila ina chembe ndogo za kumeta, anayopaka Jumapili tu. Chini ya kadi kuna ukingo wenye meno madogo ya dhahabu, sehemu inayozama ndani ya tundu lake. Nimepaka alama mbili pale. Ukiiangalia wima huoni kitu. Ukiiinamisha kwenye mwanga, unaona inameta. Nimepuliza ikakauka kabla hajarudi.

Sasa alete mchezo tuone.

Ameichomeka. Skrini imewaka! Wayua amepiga makofi. Lakini kila kitu ni kikubwa mno, herufi kama za bango la mazishi. Kui anasema hilo ni la kawaida, imebaki draiva.

Jumatatu, 17 Machi

Nimemwuliza draiva ni nini. "Ni programu ndogo, Mzee. Ndiyo inafunza kompyuta kuongea na kadi. Bila hiyo kadi ni kama mgeni ambaye hajui lugha ya nyumbani." Nimeridhika na maelezo, sijaridhika na uso wake. Aliyasema upesi sana, kama mtu aliyezoea kuulizwa.

Programu ya Wayua imefunguka, lakini dirisha lake ni refu kuliko skrini. Kitufe cha kutuma mchoro kwenye mashine kiko chini kabisa, kimepotelea nje ya ukingo. Mke wangu anaweza kuchora beji yote na asiweze kuitoa humo ndani.

Alhamisi, 20 Machi

Kui ameweka draiva, ikakataa. Ni ya kompyuta za aina nyingine, anasema. Atatafuta nyingine. Mvua.

Jumamosi, 22 Machi

Imekataa tena. Sasa anasema waliotengeneza kadi wameshaacha kuhudumia Windows 7, hata kwenye tovuti yao wameiondoa. "Lazima nitafute ile ya kitambo, kabla hawajaacha." Wayua akamwambia pole. Pole ya nini? Mtu akileta kadi isiyo na draiva, anayestahili pole ni mwenye kompyuta.

Jumanne, 25 Machi

Mvua kutwa nzima. Nimetega ndoo mbili sebuleni panapovuja.

Ijumaa, 28 Machi

Leo ameileta ile ya kitambo. Windows ikaikataa kwa sababu haiamini sahihi yake. Kui akasema kuna sasisho la zamani ambalo kompyuta yetu haikuwahi kuwekewa, bila hilo haiwezi kutambua sahihi za siku hizi. Akaliweka, akawasha upya, akaweka draiva. Mstari wa kijani ukatembea hadi mwisho. Tukawa tumebana pumzi wote watatu, mimi nikiwemo. Kompyuta ikajizima, ikajiwasha, skrini ikatulia ikawa nzuri, herufi ndogo safi. Nikahesabu kimoyomoyo. Kufika sita, skrini ikazimika na kuwaka mara mbili, ikarudi kuwa kubwa na mbaya. Kukawa na ujumbe kwamba kifaa kimesimamishwa kwa sababu kimeleta matatizo.

Kui aliusoma ujumbe ule mara mbili. "Hii sijawahi kuona hivi," alisema.

Nami nimewahi. Yule kibarua wa stoo aliyekuwa akiniibia rangi, naye kila siku alikuwa hajawahi kuona.

Jumatatu, 31 Machi

Ameichomoa kadi, akaipuliza, akairudisha. Nikahesabu: hii ni mara ya nne anaichomoa. Kwa nini mtu anayetafuta draiva, ambayo ni programu, ahangaike kuchomoa kadi, ambayo ni chuma? Nikakaa karibu naye na kiti changu, goti kwa goti, nisipitwe na kitu. Akasema, "Mzee, unaniziba mwanga." Nikasogea kidogo.

Walipokuwa jikoni walicheka, yeye na Wayua. Nilipoingia wakanyamaza.

Jumatano, 2 Aprili

Nimemwambia Wayua ninavyofikiri: Kui anatuchezea ili tuchoke, tuuze kompyuta kama chuma chakavu, na yeye ndiye atakuwa mnunuzi. Mke wangu alikuwa anakata uzi kwa meno. Hakuinua kichwa.

"Baba Muoki, wewe ungemshuku hata daktari akikudunga sindano."

"Wapo madaktari wa kushukiwa."

"Huyu msichana amekuja hapa mara saba kwenye mvua. Mwizi gani huyo anajichosha hivyo?"

Ndicho hicho kinachonisumbua. Mara saba! Mtu mwaminifu angeshakata tamaa.

Jumamosi, 5 Aprili

Shule zilifungwa jana. Triza amepiga simu kuuliza kama beji zimeanza. Wayua amesema zinaendelea. Miaka thelathini na moja ya ndoa, sijawahi kumsikia akidanganya, na amedanganya vibaya. Baada ya simu alikaa mbele ya mashine ya kudarizi akaifuta vumbi ambalo halikuwepo.

Jumatatu, 7 Aprili

Wayua ameenda soko la Gikomba kutafuta uzi wa beji, kwa imani tu. Nimebaki peke yangu. Nimefungua kompyuta mwenyewe, nikachomoa kadi taratibu kama nilivyomwona Kui akifanya, nikaenda nayo dirishani.

Nikaiinamisha huku. Nikaiinamisha kule. Nikavaa miwani, nikaiinamisha tena.

Hakuna alama.

Meno ya dhahabu yako wazi, yana mikwaruzo tu. Hakuna kinachometa. Kadi ni ileile kwa umbo, kwa rangi, kwa kibandiko, lakini siyo ile niliyotia alama. Ameibadilisha! Amechukua nzima akatuwekea mbovu, na ndiyo maana draiva inakataa, na ndiyo maana alikuwa akichomoa na kuchomeka. Moyo ulinipiga kama wa kijana. Nakiri kwamba kulikuwa na furaha ndani yake. Nilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Nimeirudisha kama nilivyoikuta.

Jumanne, 8 Aprili

Nimeandika kwenye grupu ya WhatsApp ya ploti, na nyumba zote ishirini na nne zimo. Nimeandika kwa Kiswahili cha kueleweka: "Fundi Kui wa Baba Dogo alileta kadi moja akatuwekea nyingine. Nilikuwa nimeitia alama na alama haipo. Chungeni vitu vyenu."

Majibu yakaja mbio. Opicho wa nyumba namba nane: "Nilijua tu! Laptop yangu ilirudi ikiwa slow." Frankline wa ghorofa ya juu: "Asante Mzee kwa kutuamsha." Mwingine akasema hata redio ya mama yake iliharibika baada ya Kui kuigusa. Omolo, mwenye sayba ya kona, duka la intaneti ambalo Kui ndiye hulitunzia kompyuta, hakuandika neno. Ila saa nane nilipita pale nikamwona akifunga mlango wa chumba cha kompyuta kwa kufuli mpya.

Watu wamenisalimu kwa heshima leo. "Mzee wa alama," Frankline ameniita.

Wayua amesoma ujumbe saa tisa. Ameenda kuanua nguo. Hazikuwa zimekauka.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua. Wayua hanisemeshi isipokuwa mambo ya chumvi na maji.

Jumatatu, 14 Aprili

Wayua amesema jambo moja: "Zimebaki siku kumi na nne." Amejaribu kudarizi beji moja kwa mkono. Imemchukua kutwa, na kitabu kilichomo katikati ya beji kinaonekana kama kiatu.

Jumatano, 16 Aprili

Nitaandika yote kama yalivyokuwa, hata yale yasiyonipendeza.

Saa tatu asubuhi mlango umegongwa. Ni Kui. Macho yake yamevimba lakini sauti ilikuwa imara. Hakuingia. Alisimama mlangoni na koti la mvua likitiririka.

"Mzee, shikamoo. Omolo amenifuta kazi. Jana watu wawili wamekuja kuchukua mashine zao kibandani kabla sijamaliza. Sijakuja kugombana. Nimekuja na kadi yangu mwenyewe, ya kompyuta yangu ya nyumbani, nimetoka kuichomoa sasa hivi. Hiyo inafanya kazi, naijua. Nataka niiweke kwa yenu mkiwa mnaona wote wawili. Ikikubali, basi ile niliwaletea ni mbovu na mimi ni mwizi. Sawa?"

Nikasema sawa. Nilikuwa na hakika. Hata nilimpa kiti.

Ameiweka kadi yake. Skrini ikawaka kubwa na mbaya. Akaweka draiva yake. Mstari wa kijani ukaenda hadi mwisho, kompyuta ikajiwasha upya, herufi zikawa nzuri. Nikahesabu. Kufika tano, ikazimika na kuwaka, ikarudi palepale. Ujumbe uleule: kifaa kimesimamishwa.

Kui hakufurahi wala hakuhuzunika. Alikunja uso tu. "Basi si kadi," alisema polepole. "Na si draiva. Ni tundu."

Akazima, akachomoa, akawasha tochi ya simu akaiingiza ndani ya kompyuta mpaka pua ikagusa chuma. "Kuna kitu humu. Kama gundi hivi, imeng'ang'ania. Mama Muoki, uko na sindano?"

Wayua akampa sindano ya kudarizia. Kui akakwangua polepole, ulimi ukiwa katikati ya meno, akatoa kigamba kimoja, kisha kingine, kisha cha tatu. Akaviweka kwenye karatasi nyeupe. Vilikuwa vidogo kuliko mbegu za nyanya, na havikuwa na rangi.

"Hii ni nini sasa?" akasema. "Imeziba meno yasiguse. Ndiyo maana kadi inaonekana lakini ikianza kazi ya nguvu inashindwa. Imetoka wapi?"

Wayua akaichukua karatasi, akaenda nayo dirishani. Akaiinamisha huku na kule, vilevile kama mimi nilivyofanya na kadi. Kisha akaweka kidole gumba chake kando ya kigamba. Jumapili alikuwa amepaka kucha.

Vyote viwili vilimeta chembe zilezile.

Mvua ilikuwa inapiga mabati ya kibanda cha mlinzi huko chini. Wayua hakuniuliza. Alinigeukia tu, akiwa ameshika karatasi ile kwa mikono miwili kama anayebeba kitu cha moto.

Nikasema. Nilisema kwamba ni mimi niliyepaka rangi hiyo, siku ile Kui alipoenda dukani, kwenye meno ya dhahabu, ili asinibadilishie. Kwamba nilipoiangalia wiki iliyopita alama haikuwepo, nikaamini amebadilisha. Kumbe ilikuwa imekwanguka, ikabaki ndani ya tundu. Kila alipoichomoa na kuichomeka akijaribu kutusaidia, alikuwa anaikwangua zaidi.

Kui akanitazama. Nilidhani atapiga kelele. Nilitamani apige.

"Ulipaka kwa meno?" aliuliza. "Mzee, hayo ndiyo yanabeba kila kitu. Si ungepaka huku juu kwa feni, hata mimi ningekusaidia."

Wayua akaleta dawa ya kutoa rangi ya kucha. Kui akafungia kipande cha kitambaa kwenye bapa la plastiki, akalisafisha tundu kwa saa nzima, kisha akayasugua meno ya ile kadi ya mtumba kwa kifutio cha shule. Akaichomeka. Akaweka draiva ile ya kitambo. Mstari, kuzima, kuwaka. Nilihesabu mpaka mia mbili. Skrini haikutikisika. Kitufe cha kutuma mchoro kilikuwa pale chini, kizima, kidogo, mahali pake.

Wayua akakibonyeza. Mashine ya kudarizi ikaanza kunguruma chumba cha mbele, na mke wangu akalia.

Kui akakusanya vitu vyake. Nilimwomba msamaha. Alisema, "Sawa, Mzee," kama mtu anayesema sawa kwa kondakta. Hakunywa chai.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimeandika kwenye grupu asubuhi. Mara ya kwanza niliandika maneno marefu yenye sababu nyingi, nikayafuta. Kisha nikaandika: "Nilimsingizia Fundi Kui. Hakubadilisha kitu. Mimi ndiye niliyeharibu kompyuta kwa kupaka alama mahali pabaya. Ameitengeneza. Naomba radhi kwake na kwenu."

Opicho ndiye wa kwanza kujibu: "Mzee, kwani amekukatia pesa ngapi?" Vikafuata vikatuni vya kucheka. Frankline akaandika: "Juzi unatuambia tuchunge vitu zetu, leo ni malaika. Tuamini gani?" Mwingine akauliza kama Kui amenitisha. Nikajibu hapana. Akaandika kwamba mtu aliyetishwa lazima aseme hapana.

Nilikwenda kwa Omolo mwenyewe, nikamweleza ana kwa ana, mpaka habari ya rangi ya kucha. Alinisikiliza kwa adabu. "Nimekuelewa, Mzee. Lakini nimeshapata fundi mwingine. Na hata kama hakuiba kwako, si watu wanasema." Nikamwambia watu hao ni mimi. Alinishika bega akaniambia nipumzike.

Nilipomshtaki Kui sikuulizwa ushahidi hata na mtu mmoja. Nimekuja kumtetea nikiwa na ushahidi wote mkononi, na nimekosa wa kunisikiliza. Nina uchungu ambao sijui niuweke wapi.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Beji mia moja na themanini. Wayua hakupaka kucha.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimekuwa nakata nyuzi za nyuma ya beji tangu asubuhi, vidole vimekufa ganzi. Wayua amenionyesha namna ya kushika mkasi. Tumeongea kidogo, habari za mwanetu Muoki na baridi ya huko Machakos.

Jumatatu, 28 Aprili

Beji mia nne na ishirini zimefika kwa Triza saa mbili asubuhi, kabla wanafunzi hawajafika, ndani ya mfuko wa nailoni kwa sababu ya mvua. Amezikagua, amesema ni nzuri kuliko za zamani, na kazi ni yetu hadi mwakani. Wayua alitembea kurudi nyumbani akiwa ameinua sketi juu ya tope, akiimba.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua imepungua. Wayua amemwita Kui aje aweke nakala ya michoro yote mahali salama. Nilidhani hatakuja, lakini amekuja. Amesalimia vizuri. Anasema kibanda bado kipo, wateja ni wachache, anapata kazi za Mukuru kwa Njenga ambako hajulikani.

Kabla hajakaa, alifungua mkoba wake akaumimina wote juu ya meza yetu. Bisibisi, nyaya, flashi tatu, leso, nusu mkate kwenye karatasi. Kisha akaugeuza mkoba ndani nje, akatuonyesha mshono.

"Kui, usifanye hivyo hapa," Wayua akasema. "Mwanangu, si hapa."

"Nafanya kwa kila mtu siku hizi, Mama Muoki. Nikianza kuchagua nyumba nitasahau."

Alifanya kazi yake nusu saa. Mimi nilikuwa nimekwenda kukaa jikoni makusudi, ili ajue simwangalii, lakini alipomaliza aliniita nije. Nikasogea mezani, nikanyoosha mkono kumsaidia kurudisha vitu mkobani. Akanizuia kwa kiganja, bila hasira. Akavirudisha mwenyewe, kimoja kimoja, akivihesabu kwa sauti ili nisikie.